Karte ikipotea, usingoje siku ya safari



Huku Kongo, karte ya kupiga kura ya CENI njo kitambulisho chetu cha kila siku. Wengi walikimbia nayo, wakarudi bila yenyewe. Kwa bariere wanasimamishwa. Feza waliyotumiwa na watoto inabaki kwa ajenti.

Ikipotea, usiazime ya ndugu: ile picha si uso wako. Mwambie shefu wa kartiye anayekujua, kisha uombe komini ikuandikie atestasiyo ya kupoteza. Hiyo itakusaidia kwa muda. Nyuma, uliza duplikata kwa CENI. Kama uko na fotokopi ya zamani, beba. Ukilipa, omba risiti.

Wazee wasioweza kutembea, tutawasindikiza.