NANI ATAMWOKOA MWOKOAJI?

Mazungumzo ya mhamasishaji wa jamii na kamati za moto za vijiji vya kambi

  

Kiangazi kimeingia. Nyasi zimekauka, upepo ni mkali, na nyumba zetu zimebanana. Habari ya kuzima jiko kabla ya kulala na kuweka ndoo ya mchanga karibu mmekwisha kuisikia mara nyingi. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye tunamsahau: yule anayesimama nje wakati mwenzake ameingia ndani kuokoa.

Sisi tuna desturi nzuri. Mtu akipiga yowe, wote tunakimbia. Lakini tukifika, kila kijana anataka kuingia, na anayebaki nje anaitwa mwoga. Mimi nasema, huyo wa nje, kama amewekwa pale kwa kazi, ni mwokoaji sawasawa na yule wa ndani.

Tuwatazame wenye kazi yao. Huko Marekani askari wa zimamoto wana magari, nguo nzito na mitungi ya hewa mgongoni. Hata hivyo, tangu 1998 sheria ya usalama kazini inawaambia hivi: nyumba inayoungua ndani isiingiwe na mtu mmoja. Waingie wawili, wasiachane, waonane au wasikilizane kwa sauti. Na nje wasimame wengine wawili, tayari kuwatoa. Sheria haikatazi kumwokoa mtu kabla kikosi chote hakijafika, lakini kawaida ni hiyo: wawili ndani, wawili nje. Kwenye ajali za kemikali na sumu pia, watu wa akiba lazima wawepo, wamekwisha kujiandaa.

Kwa nini watu wenye vifaa hivyo wote waogope? Kwa sababu wamezika wenzao.

Tarehe 3 Desemba 1999, katika mji wa Worcester, ghala la zamani la kuhifadhia vyakula kwa baridi lilishika moto. Lilikuwa jengo kubwa lenye madirisha machache sana, na ndani njia zake zilichanganya. Ilisemekana kuna watu wasio na makao waliokuwa wakilala humo. Askari walipoingia kuwatafuta, wawili walipotea katika moshi na hewa ikaanza kuwaishia. Wenzao wakaenda kuwatafuta. Kati ya hao, wanne nao hawakurudi. Mwishowe mkuu wao mmoja, Mike McNamee, alisimama njiani akawazuia waliokuwa bado wanataka kuingia. Walikufa sita. Na wale waliokuwa wakitafutwa walikuwa wamekwisha kutoka zamani.

Ndugu zangu, hakuna anayeweza kusema wale sita walikosa moyo. Moyo walikuwa nao. Lakini moshi haujali moyo wa mtu.

Mwaka 2001 askari mwingine, Bret Tarver, alifia ndani ya duka kubwa lililoungua katika mji wa Phoenix. Baada ya hapo zimamoto wa mji ule walifanya mazoezi mengi ya kumtoa mwenzao aliyeanguka. Waliona kwamba kumtoa mmoja kulihitaji watu 12 na muda wa dakika 21 hivi. Tena, katika kila waokoaji watano, mmoja alipata shida yeye mwenyewe. Na mtungi wa hewa ulioandikwa dakika 30 huisha mapema zaidi kwa mtu anayefanya kazi nzito. Kwa hiyo wa nje hawangoji mpaka waitwe ndipo watafute vifaa. Wanangoja vifaa vikiwa mkononi.

Na si moto tu. Mnajua mashimo ya vyoo na visima. Humo hewa inaweza kuwa mbaya bila harufu ya kukuonya. Mtu anaanguka, ndugu yake anashuka, wa tatu anamfuata. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi ilieleza kwamba, katika vifo vya mahali palipofungika namna hiyo, zaidi ya 60 kwa 100 walikuwa watu walioingia kuokoa.

Sasa, sisi hapa hatuna mitungi ya hewa. Basi sheria yetu iwe kali kuliko yao:

1. Nyumba iliyojaa moshi isiingiwe. Kitambaa chenye maji puani hakizuii sumu ya moshi. Kama mtu yumo, aitwe kwa sauti, na ukuta wa udongo ubomolewe kutoka nje upande aliko, ikiwa moto haujafika hapo.

2. Shimoni asishuke mtu. Teremsha kamba, mwite aishike, huku mwingine anakimbia kuita msaada wenye vifaa.

3. Moto ukiwa bado mdogo na moshi haujajaa, wakiingia, waingie wawili, na wawili wabaki mlangoni.

4. Wa mlangoni wajue majina ya walioingia na saa walipoingia. Wasitumwe maji, wasishike mizigo ya watu, wasigombane na watazamaji. Kazi yao ni kuita, kusikiliza na kuweka njia wazi.

5. Wa mlangoni wakisema "Tokeni!", walio ndani watoke bila kubishana.

6. Mkubwa mmoja awahesabu watu wa nyumba hiyo mapema. Msimtafute ndani ya moto mtoto aliyekwenda kisimani kuteka maji.

Najua neno gumu ni lipi. Mama analia kwamba mtoto wake yumo, na kijana amesimama na kamba hasogei. Watu watamtukana. Ndiyo maana nawaomba ninyi wazee mumtetee kijana huyo kabla moto haujatokea. Waambieni watu wa vijiji vyenu kwamba tumemweka sisi, na kazi yake ni kuhakikisha mama wa pili halii usiku uleule.

Kila kijiji kichague watu wanne wa mlangoni, wake kwa waume, wawili wa zamu na wawili wa kuwapokea. Wawe watulivu, wenye sauti kubwa. Mwenyekiti wa kijiji ayaandike majina yao, na tutafanya nao mazoezi bila moto, kwa kamba na filimbi, mpaka wazoee.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.