Furaha ya Nganda Bila Pombe
Mafundisho kwa wamama wenye mimba na wamama wanaonyonyesha

Mketi vizuri. Wale waliobeba watoto wasogee huku kwenye kivuli. Kipimo kitaanza kisha mafundisho, na hakuna mtu atakosa zamu yake.

Siku moja, hapa hapa kwenye benchi, mama mmoja aliniuliza neno mbele ya wenzake. Alisema: "Mama muuguzi, kila siku munatuambia tusikunywe pombe. Lakini siku ya mushahara bwana yangu ananiambia: vaa muzuri, twende nganda. Nikikatala, ataenda na mwingine. Nifanye nini?" Wenzake walicheka sana. Mimi sikucheka. Niliona machozi karibu ya macho yake. Ulizo lake ni la kweli, na leo nataka kulijibu.

Najua wengine kati yenu watasema: "Mama Mkristo hana kazi katika nganda." Mimi mwenyewe nimelelewa katika kanisa la Kiprotestanti, na jioni yangu napenda kukaa nyumbani na kikombe cha chai, upepo wa ziwa ukiingia dirishani. Lakini hapa Kalemie kreti ya bia haikai nganda tu. Iko kwenye ndoa. Iko siku ya kutoa matanga. Iko mtoto anapozaliwa, na iko kijana anapopata diploma. Mama hawezi kujificha mbali na watu wote kwa miezi tisa, kisha tena miaka miwili ya kunyonyesha. Kwa hiyo tufundishane namna ya kukaa pamoja na watu, kucheka na kucheza, na mtoto wa tumboni akae salama.

KWANZA: SABABU GANI TUNAKATAZA

Mama akikunywa pombe, haikai tumboni mwake peke yake. Inaingia katika damu. Damu inaifikisha kwenye kondo la nyuma, na kondo haliwezi kuizuia. Linaipitisha mpaka kwa mtoto. Mama ana ini kubwa la kupigana na ile pombe. Mtoto ana ini dogo sana, halijakomaa. Kwa hiyo mama akilewa, mtoto naye amelewa, tena yeye hakuagiza kitu.

Mwaka 1968 munganga mmoja wa Ufaransa, jina lake Paul Lemoine, aliandika habari ya watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Aliona kwamba wengi wanafanana: wadogo kwa kilo, uso wa namna moja, wazito kwa kujifunza. Mwaka 1973 waganga wa Marekani waliona mambo yale yale. Tangu hapo tunajua kwamba pombe inaweza kuharibu mimba, kuleta mtoto kabla ya wakati, na kugusa ubongo wa mtoto. Ubongo ukiharibika namna hiyo, hakuna dawa ya kuutengeneza. Tunaweza tu kumsaidia yule mtoto akae vizuri na hali yake.

Hakuna kipimo kidogo cha pombe ambacho tunaweza kusema: hiki hakina hatari kwa mimba. Hakuna pia mwezi mmoja wa mimba ambao una ruhusa.

Wenye kusoma Biblia watakumbuka Waamuzi sura ya 13. Malaika alipomletea mke wa Manoa habari ya mimba, alimkataza divai na kileo. Mtoto alikuwa hajazaliwa, lakini agizo la maisha yake lilianza katika kikombe cha mama yake.

PILI: CHUPA MOJA NI CHUPA NGAPI?

Mama mwingine anasema: "Nilikunywa moja tu." Tuhesabu pamoja. Chupa kubwa ya bia ya kwetu, Primus au Simba, ina sentilita 72 hivi. Ikiwa imeandikwa 5%, ndani yake muna karibu gramu 28 za alkoli. Waganga wanahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10. Basi ile "moja tu" ni karibu tatu.

Lutuku ni hatari zaidi. Inapikwa na mahindi na muhogo, na hakuna mtu anapima nguvu yake. Kikombe kidogo kinaweza kuwa na nguvu ya chupa nzima ya bia. Tena ikichanganywa na alkoli mbaya inayoitwa methanoli, inaua macho, na inaweza kuua mtu.

Na munkoyo? Ile ya leo, tamu bado, ina alkoli kidogo sana. Lakini ikilala siku mbili, tatu, inachacha na kuwa pombe. Mwenye mimba hawezi kujua kwa kuangalia imelala siku ngapi. Aiache.

TATU: NAMNA YA KUFURAHI

Yule mama nilimpa mashauri haya. Nawapa ninyi pia.

1. Semeni kabla ya kutoka. Usingoje mezani mbele ya rafiki za bwana. Umwambie nyumbani, kwa upole, wakati hana hasira: "Baba fulani, nitaenda nawe kwa furaha. Lakini mimi nitakunywa sukre, kwa sababu ya mtoto wako." Mwanaume hapendi kushangazwa mbele ya watu. Akijua mbele, yeye mwenyewe atakutetea.

2. Kula kwanza. Bukari na ndakala na mboga ya nyumbani. Njaa inafanya mtu akubali kila kitu kinachopita mbele yake.

3. Agiza wewe wa kwanza. Sema unataka nini mbele hawajakuagizia. Fanta, Vital'O, maji ya chupa, au tangawizi. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, na ukienda kusimama au kucheza, usiiache bila mtu wa kuichunga.

4. Kikombe chako kisikae tupu. Watu wanamwangilia mwenye kikombe tupu. Mwenye kikombe kilichojaa wanamwacha.

5. Uwe na neno fupi. Muramu akisema, "Shemeji, kunywa kidogo, tusifurahi peke yetu!", usianze kumhubiri. Jibu na kicheko: "Leo hapana, muramu. Tuko wawili hapa, na huyu mudogo bado hajafika miaka." Watacheka, na neno litakwisha. Mwenye kueleza sana anaonyesha kwamba anaweza kushindwa.

6. Cheza. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika mali za mataifa yote. Iliandika rumba, haikuandika chupa. Mwenye mimba ambaye hana damu wala maumivu anaweza kucheza polepole na bwana yake. Akichoka aketi, ainue miguu kidogo.

7. Jua saa ya kurudi. Mwafikiane mbele: saa fulani tunarudi. Usirudi peke yako usiku. Na usipande pikipiki ya mtu aliyelewa, hata akiwa bwana yako. Mutembee kwa miguu pamoja, au mutafute mwingine wa kuwapeleka.

Neno moja juu ya sukre: ni nzuri kuliko bia kwa mtoto, lakini si maji. Chupa ya Coca-Cola ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari. Moja inatosha, kisha maji. Mama mwenye ugonjwa wa sukari achukue maji tu. Na ile bia inayoitwa "bila alkoli", soma chupa. Nyingine ina kidogo. Ikiwa haikuandikwa 0.0%, iache.

NNE: MAULIZO YA WAMAMA

"Bia haiongezi maziwa?" Hapana. Hii ni habari ya zamani ambayo mabibi zetu walitupatia kwa upendo, lakini si kweli. Pombe inazuia maziwa kushuka vizuri, na mtoto anapata kidogo. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, mchana na usiku, na mama kula na kunywa maji ya kutosha.

"Nikinyonyesha, nikikunywa, inafika kwa mtoto?" Ndiyo. Nguvu ya pombe katika maziwa ni kama ile ya katika damu. Inazidi kati ya nusu saa na saa moja kisha kunywa. Kinywaji kimoja kidogo kinahitaji saa mbili au zaidi kutoka. Chupa kubwa inahitaji saa sita hivi. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakuondoi pombe haraka. Muda tu ndio unaiondoa. Njia nzuri ni kuacha. Na mama au baba aliyelewa asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, kwa sababu anaweza kumlalia bila kusikia.

"Kumpa mtoto tone moja alale?" Hapana kabisa! Pombe inashusha sukari katika damu ya mtoto. Anaweza kulala asiamke.

"Nilikunywa kabla sijajua kwamba niko na mimba." Usilie, na usifiche. Wengi wamepita hapo. Mwambie muuguzi, na uache leo. Kila siku bila pombe inamsaidia mtoto.

"Nataka kuacha lakini siwezi. Asubuhi mikono inatetemeka." Mama, huo ni ugonjwa, na sisi hatutakutukana. Lakini usiache ghafula peke yako nyumbani, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kupata kifafa. Njoo kwetu, tukusindikize.

TANO: NENO LA KUPELEKA KWA BABA

Katika ile sura ya 13, Manoa aliposikia habari kwa mke wake, hakusema: "Hayo ni mambo ya wanawake." Aliomba mjumbe arudi, apate kufundishwa naye namna ya kumlea mtoto. Baba wa namna hiyo tunamtaka hapa. Siku ya kliniki mje naye, hata mara moja tu. Benchi ina nafasi.

Na wewe mama unayeogopa kwamba ukikataa chupa utapoteza bwana: sitakudanganya kwamba kila bwana ni mwema. Kuna wanaume wanaotembea hata kama mke anakunywa nao kila siku. Chupa haijafunga mlango wa nyumba ya mtu. Lakini mtoto akiharibika tumboni, wewe ndiwe utamlea, mchana na usiku, na yule aliyekumwangilia kikombe hatakuwapo.

Yule mama wa ulizo alirudi. Nilimwuliza: "Ilikuwa namna gani?" Akaniambia: "Nilikunywa Fanta moja, nilicheza mara mbili. Rafiki za bwana walianza kunichekelea. Yeye mwenyewe akawaambia: mwacheni, amebeba mtoto wangu." Tena akaongeza: "Asubuhi ni mimi peke yangu nilikuwa sina maumivu ya kichwa."

Sasa nani atatuambia mambo matatu aliyoyashika leo? Aseme mmoja, wengine wamsaidie. Kisha tutaomba, na tutaanza kipimo na wale waliotoka mbali.