Rimu na Rangi ya Gari la Umeme

Ukubwa wa rimu hupunguza au huongeza umbali ambao gari la umeme huenda kwa chaji moja. Rimu kubwa kwa kawaida huwa nzito na hukata upepo vibaya, na tairi lake, lenye ubavu mfupi, huumia upesi kwenye mashimo. Tesla Model S Plaid ya mwaka 2022, kwa vipimo vya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, ilikwenda takriban kilomita 637 ikiwa na rimu za inchi 19. Kwa za inchi 21 ikashuka hadi 560, betri ikiwa ileile. Penye barabara mbovu, rimu ndogo ni chaguo bora hata zisipovutia macho.

Rangi huhusu zaidi joto. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walilinganisha magari mawili ya aina moja juani: hewa ndani ya jeusi ilizidi ile ya lenye rangi ya fedha kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Joto hilo huondolewa na kiyoyozi, na kiyoyozi hutumia betri. Nyeusi pia hufichua kila mkwaruzo, ilhali rangi za lulu ni ngumu kulinganishwa sehemu moja inapopakwa upya.