Njahi Kwenye Fensi
(Maneno yaliyosemwa kwa vikundi vya kujisaidia, Kiganjo)



Akina mama, wazee, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma, mliniomba niseme juu ya maua yanayotambaa, yale ya kupanda kwa mbegu ili fensi ipendeze. Ua nililochagua mnalijua: ni njahi. Mnacheka? Huko Marekani watu huipanda kwa ajili ya maua yake ya zambarau tu, hata kwenye bustani ya Monticello, iliyokuwa nyumba ya Rais Thomas Jefferson. Sisi tunayo ya maua na ya chungu pia, na tunaiacha ipotee.

Wazee wetu waliita mvua ndefu mbura ya njahi, na ile fupi mbura ya mwere. Siku hizi mvua ya njahi inanyesha, njahi yenyewe haionekani. Mama akijifungua tunakimbia Karatina kuinunua, tena kwa bei ya juu kuliko maharagwe. Mimi naona ni aibu kidogo kwa watu wenye shamba.

Panda mvua za Machi zikishalowesha udongo vizuri. Kwetu kuna baridi na upepo wa mlimani, kwa hivyo chagua upande wa fensi unaopigwa na jua. Chini ya mibluugamu hutapata kitu. Shimo liwe la sentimita 4 hivi, mbegu 2, kisha piga hatua moja kabla ya shimo lingine. Samadi iwe imeoza, na isiwe nyingi. Njahi hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria walio katika vifundo vya mizizi yake, kwa hivyo ukiilisha kupita kiasi itakupa majani tele na maua machache. Ikianza kurusha kamba, izungushe mara ya kwanza kwenye fito. Baada ya hapo itapanda yenyewe.

Wakati wa maua angalia vidukari kwenye ncha changa. Tafadhali, dawa ya dukani usipulize wakati huo, nyuki wako kazini.

Maganda hayakauki siku moja. Chuma kidogo kidogo. Anika mpaka punje ukiiuma isiache alama ya jino. Tenga ya mbegu kwanza, kutoka kwa mmea uliokuwa na nguvu, ndipo utoe ya chungu. Changanya ya mbegu na jivu kavu, funga vizuri, la sivyo wadudu wataitoboa. Ile ya kupika loweka usiku kucha, chemsha, na maji ya kwanza uyamwage, maana punje kavu ina sumu kidogo.

Sasa, kuhusu kubadilishana mbegu. Wengi waliogopa sheria ya mbegu iliyorekebishwa 2012, na hawakuwa wajinga, kwa sababu ilikuwa na faini na kifungo. Novemba 2025 Mahakama Kuu, katika kesi ya wakulima wadogo, iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao ni kinyume cha Katiba. Basi mkutano wa Februari kila kikundi kilete kikombe kimoja cha njahi ya kupanda. Iliyokaa sokoni muda mrefu msilete, haioti vizuri. Na aliye na ile ya maua meupe aniambie mapema, hiyo nataka tuigawe kwanza.