Mafundi wa Ndege za Vita na Kumbukumbu Zao

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya watu ambao sifa zao ni haba, ingawa kazi yao ilikuwa kubwa. Nao ni mafundi waliozitunza ndege katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945. Rubani hutajwa na kupewa nishani. Fundi aliyeikaza nati usiku ili rubani yule aruke asubuhi, hatajwi. Vita ilipokwisha mafundi hao walivua sare, wakarudi kwenye karakana na mashamba yao, wakazeeka. Miaka mingi baadaye wengi waliulizwa habari za kazi ile, na sauti zao zimehifadhiwa katika Imperial War Museum ya London, hata sasa ambapo wengi wao wamekwisha fariki. Jambo linalotushangaza katika masimulizi ya namna hii ni kwamba wazee hawakawii sana katika habari za mapigano. Hukaa zaidi katika baridi, na vidole vilivyochubuka, na sahihi zao katika daftari.

Na tuanze na Uingereza, mwaka 1940. Tangu Julai hata Oktoba ndege za Wajerumani zilikuwa zikivuka bahari kuishambulia nchi ile, na ndege ndogo za Kiingereza, Spitfire na Hurricane, zikipanda kuzizuia, pengine mara tatu au nne kwa siku moja. Kila ndege ilikuwa na fundi wa injini na fundi wa kiwiliwili, yaani mabawa, mkia, magurudumu na kamba za usukani. Juu ya hao walikuwako mafundi wa silaha, wa simu ya upepo, na wa saa zile zimwonyeshazo rubani mwendo na kimo chake. Injini ya Spitfire, iitwayo Merlin, ilikuwa na silinda 12, na kila silinda plagi 2, basi plagi 24 za kuangaliwa. Tangi zake zilichukua petroli galani 85, yapata madebe 21. Katika mabawa mlikuwa na bombomu 8, na kila moja ina mkanda wake wa risasi.

Ndege iliposhuka, mafundi waliikimbilia kabla rafadha haijasimama. Huyu hutia petroli, huyu yuko chini ya bawa akifungua vifuniko na kuingiza risasi, na mwingine akifuta kioo cha mbele, kwani hata alama moja ya uchafu kiooni yaweza kufanana na ndege ya adui iliyo mbali. Kisha kabari huondolewa magurudumuni, na ndege huenda zake. Wazee hao walikuwa na mzaha wao: kwamba ndege ni mali yao, nao humwazima rubani tu, kwa sharti airudishe bila tundu.

Lakini kabla rubani hajaazimwa palikuwa na daftari moja, iliyoitwa Fomu 700. Kila ndege ilikuwa na yake. Kila siku fundi wa injini aliikagua injini, akatia sahihi. Fundi wa kiwiliwili akatia yake. Wa silaha, wa simu na wa saa vivyo hivyo. Mkubwa wao akatia yake. Mwisho rubani mwenyewe akaisoma na kutia sahihi kwamba ameipokea ndege. Mwalimu akikosea alama katika daftari ya mahudhurio, mtoto aliyekuja huandikwa kuwa hakuja, na kesho yake kosa husahihishwa. Katika Fomu 700 mambo hayakuwa hivyo. Ndege ikianguka kwa sababu isiyojulikana, daftari ile ilichukuliwa mara moja na kufungiwa, nayo ilisomwa jina kwa jina. Kijana wa miaka 19 aliyetia sahihi asubuhi alijua kwamba ameweka jina lake chini ya uhai wa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo alikuwa amesimama papo hapo karibu naye akivaa glavu zake.

Twadhani hapa ndipo mzigo wa kazi ile ulipokuwa, nao ulizidi kuwa mzito katika ndege kubwa za mabomu. Lancaster, ndege ya injini 4, ilichukua watu 7. Katika jimbo la Lincolnshire, upande wa mashariki wa Uingereza, ndege hizo ziliwekwa mbalimbali kuuzunguka uwanja, ili bomu moja la adui lisiziharibu zote pamoja. Kwa hiyo kazi nyingi ilifanyika nje, juu ya ngazi, katika mvua na theluji. Na zipo kazi za injini zisizofanyika kwa glavu, kama kupitisha waya mwembamba katika tundu la parafujo ili isilegee. Chuma katika baridi kali hunata ngozini. Mtu akiondoa mkono kwa haraka huacha kipande cha ngozi yake. Mafundi walijijengea vibanda kwa mbao za masanduku, wakaweka jiko ndani, na humo ndimo walimongojea.

Kungojea huko wamekusimulia kuliko jambo lolote. Ndege huondoka jua likichwa. Usiku huwa mrefu. Alfajiri husikika mngurumo, nao huzihesabu: moja, mbili, tatu. Kila fundi huitazama nafasi ya ndege yake. Ikirudi, watu saba hushuka wamechoka, na fundi hupaka picha ndogo ya bomu ubavuni mwa ndege, iwe hesabu ya safari. Lancaster moja, yenye namba R5868, ilifikisha safari 137, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya Jeshi la Ndege, Hendon, London. Bali Lancaster 7,377 zilizoundwa, zaidi ya 3,200 zilipotea vitani, na katika vikosi vyote vya mabomu vya Uingereza walikufa watu 55,573. Nafasi ikibaki tupu hapakuwa na habari zaidi. Pengine siku ya pili ililetwa ndege mpya na watu saba wengine, wanaopaswa kujulikana majina upya. Fundi yeye hubaki akijiuliza: je, ni mizinga ya adui, au ni ile nati ya injini ya tatu? Wako waliolichukua swali hilo hata uzeeni.

Kazi hii haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake wengi wa Kiingereza walifundishwa ufundi wa ndege. Upepo ukivuma sana, desturi ilikuwa fundi kukaa juu ya mkia wa Spitfire inapotembea chini, isije ikainama na kupiga pua. Mwaka 1945, katika uwanja wa Hibaldstow, fundi Margaret Horton alikuwa amekalia mkia hivyo, na rubani asijue, akaruka naye. Bibi yule akaushika mkia kwa nguvu zake zote. Watu wa chini wakamwambia rubani kwa simu ashuke, pasipo kumwambia sababu, asije akafadhaika. Akashuka taratibu, na bibi yule alikuwa mzima. Ndege yenyewe, AB910, ingali katika kikosi cha ndege za kumbukumbu huko Coningsby.

Msidhani kwamba mambo hayo yalikuwa Ulaya tu. Tangu mwaka 1942 palikuwa na ndege za majini, ziitwazo Catalina, Kipevu hapo Mombasa, na baadaye Dar es Salaam pia. Kazi yao ilikuwa kutafuta sabmarini za Wajerumani na Wajapani katika Bahari ya Hindi. Hatari yake tuliijua sana, maana tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na sabmarini ya Wajapani, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Catalina iliweza kukaa angani saa 15 na zaidi juu ya maji matupu, kwa injini zake mbili tu. Mwezi Agosti 1943 Catalina za vikosi viwili ziliizamisha sabmarini ya Kijerumani U-197 kusini ya Bukini.

Hapo adui wa fundi si baridi, bali chumvi. Maji ya bahari huila bati ya ndege kama mchwa alavyo boriti. Ndege ilitiwa nanga, na fundi aliifanya kazi ya injini juu ya maji, amesimama penye ubao mwembamba, na spana zake amezifunga kwa kamba kiunoni. Kwani iliyoponyoka haikuokotwa tena. Na Catalina iliporudi jioni kutoka baharini, kabla ya jambo lolote, mafundi waliiendea kwa mashua, wakaiosha chumvi kwa maji matamu.