Injini Yazunguka Lakini Haiwaki



Leo nimeombwa niseme juu ya jambo linalowasumbua wenye motokaa wengi, wa mjini na wa mashambani: mtu afungua swichi, stata yaitika, injini yazunguka vizuri, lakini haiwaki. Nasema "yazunguka" kwa makusudi. Motokaa ambayo stata yake ni kimya, au yagonga mara moja ikanyamaza, ina ugonjwa mwingine, na aghalabu ugonjwa huo ni wa betri, wa nyaya zake au wa stata yenyewe. Huo hatutaugusa.

Stata ni mtumishi tu. Kabla ya mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza motokaa zenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, kazi hiyo ilifanywa kwa kuzungusha hendeli, na wako waliovunjika mikono kwayo. Basi injini ikizunguka, maana yake ni kwamba huyo mtumishi ameamka. Kuwaka ni jambo jingine. Ili petroli iwake ndani ya silinda yahitaji mambo manne: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, cheche ya umeme, mgandamizo, na la nne ni wakati, yaani cheche ije na valvu zifunge kwa saa yake. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipotengeneza injini yake ya mapigo manne mwaka 1876 kanuni hiyo haijageuka, na motokaa yenye kompyuta yaitii vile vile. Injini isipowaka, moja katika hayo manne limekosekana. Kazi yetu ni kuuliza ni lipi, kabla ya kufungua mfuko wa fedha.

Hapo ndipo wengi wapoteapo. Chukueni mfano wa mwenye pikapu achukuaye kabichi kutoka Kinangop kwenda Nairobi. Alfajiri pikapu yakataa kuwaka. Fundi aitwa, asema ni plagi. Plagi mpya zanunuliwa. Haiwaki. Asema ni koili, koili yanunuliwa. Kisha asema ni pampu ya petroli. Jua limekwisha kupanda, kabichi zanyauka, mnunuzi amechukua za mwingine, na mwishowe yaonekana kwamba ni fyuzi moja tu iliyokatika. Fundi wa namna hiyo hatafuti ugonjwa, bali abahatisha kwa fedha za mwenziwe. Sisemi kwamba mafundi wa jua kali ni wabaya; wengi wao ni hodari sana, na wale hodari utawajua kwa kuwa hushika kipimo kabla ya kushika spana.

Anza kwa masikio. Injini nzima inapozungushwa na stata huwa na pigo, kama mchi katika kinu, kwa sababu kila pistoni yakandamiza hewa kwa zamu. Ikizunguka upesi kupita kawaida, kwa ulaini usio na pigo, acha mara moja! Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na katika injini nyingi kuendelea kuizungusha ni kuzidi kugonganisha valvu na pistoni. Ikizunguka kwa uvivu, shuku betri. Betri nzuri iliyotulia husoma kama volti 12.6, na stata inapofanya kazi haifai kushuka sana chini ya volti 10. Betri dhaifu yaweza kuzungusha injini na bado isibakize umeme wa kutosha kwa koili na kompyuta. Kwa hiyo usiishikilie stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, na kati ya mara na mara uipumzishe angalau nusu dakika.

Halafu tumia macho. Kwa kuwa sheria ya Kenya haikubali kuingizwa motokaa iliyotumika ambayo imezidi miaka 8, karibu zote ziingiazo siku hizi zaongozwa na kompyuta, na kompyuta husema kwa taa. Unapofungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ya injini yapasa iwake. Isipowaka, kompyuta yenyewe huenda haipati umeme, tazama fyuzi. Taa yenye picha ya ufunguo ikipepesa bila kukoma, yaelekea motokaa haiutambui ufunguo wako, nayo yakudhani mwizi. Jaribu ufunguo wa pili kabla ya jambo lolote. Nimesikia habari za watu waliofungua injini nusu nzima kwa ajili ya ufunguo.

Sasa petroli. Usiisadiki geji peke yake, maana geji nayo huharibika. Tia lita chache ukiwa na shaka. Katika motokaa nyingi, swichi ikifunguliwa pampu iliyo ndani ya tangi huvuma kwa sekunde mbili hivi. Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine atege sikio karibu na tangi. Si motokaa zote zifanyazo hivyo, kwani nyingine huendesha pampu wakati stata izungukapo tu, kwa hiyo usiihukumu kwa ukimya pekee. Tazama fyuzi ya pampu, kisha rilei yake. Mara nyingi katika sanduku lile lile iko rilei nyingine yenye namba ile ile, pengine ya honi. Zibadilishane, na jaribio hilo halikugharimu senti. Pampu ikivuma na injini isiwake, bado hujui kama nguvu yake yatosha. Fundi mwenye geji aipime. Injini nyingi zenye nozeli hutaka kama bari 3.

Ukiona petroli inafika, geukia cheche. Hapa nawasihi muwe na hadhari. Umeme wa plagi ni wa maelfu mengi ya volti. Usiushike waya kwa mkono, wala usijaribu cheche mahali penye harufu ya petroli. Kijaribio cha cheche si ghali, na ni bora kuliko ujanja wa kugusisha plagi kwenye chuma. Ikiwa hakuna cheche katika silinda hata moja, usilaumu plagi, kwani ni vigumu plagi zote 4 zife asubuhi moja. Tafuta kitu kinachozihudumia zote: katika motokaa za zamani ni pointi, kondensa, koili, au kifuniko cha distribyuta kilichoingiwa na unyevu wakati wa masika, ambacho kitambaa kikavu chatosha kukitibu. Katika za sasa, mshukiwa mkubwa ni sensa ya kranki, ambayo huiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Isiposema, kompyuta haitoi cheche wala petroli. Dalili yake moja ni kwamba motokaa huzimika ikiwa moto, ikakataa, kisha ikawaka baada ya kupoa.

Ile mashine ya kusomea kompyuta itawaonyesha namba. P0335, kwa mfano, yahusu njia ya sensa hiyo ya kranki. Lakini fahamuni kwamba namba hutaja njia yenye hitilafu, haiamuru kununua kipuri. Waya uliotafunwa na panya hutoa namba ile ile.

Plagi zikitoka zimelowa petroli, injini imefurika. Kanyaga akselereta mpaka chini kabisa, uishikilie hapo, kisha piga stata kwa sekunde chache: katika motokaa nyingi zenye nozeli kompyuta huelewa na kuifunga petroli, hewa ikakausha silinda. Iwapo cheche ipo, petroli ipo, na bado haiwaki, ndipo upimwe mgandamizo na kutazamwa taimingi. Hiyo ni kazi ya gereji, wala si ya kando ya barabara.

Kwa wenye dizeli: kwenu hakuna cheche wala koili, maana mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Penye baridi kama Limuru, subiri taa ya plagi za joto izime kabla ya kupiga stata. Na kama mafuta yalikwisha kabisa barabarani, kutia mapya hakutoshi, kwa sababu hewa imeingia katika mabomba. Aghalabu juu ya chujio iko pampu ndogo ya mkono. Ibonyeze mara nyingi mpaka uhisi imekuwa ngumu chini ya kiganja, ndipo upige stata.