Picha za Chapa na Boma la Mkalama



Katika yubile twahesabu miaka. Leo natamani tuzitazame na kuta. Boma la Mkalama lilijengwa zamani za Wadachi, kabla ya vita vya 1914. Wako wasemao, "Nyumba ya watawala wageni yatuhusu nini? Na ianguke." Neno hili si la kudharauliwa, kwa maana enzi ile ilikuwa na uchungu mwingi. Lakini kuta zile hazikusimama zenyewe. Zilisimamishwa kwa mikono ya babu zetu. Zikianguka, jasho lao litakosa shahidi.

Tena kukawia kuna hasara. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa siku ya Noeli ya mwaka 2020, hali likitengenezwa, na watu wawili wakafa.

Basi, fedha zitoke wapi? Shauri langu ni tuuze picha za chapa. Fundi huchonga picha katika ubao, hupaka wino, kisha huukandamiza juu ya karatasi. Ubao mmoja huzaa picha nyingi, hata mwenye kipato kidogo aweza kununua moja. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilionyesha ya kuwa vijana wetu waiweza kazi hii. Nasi tunayo ya kuchora: miamba ya Singida, heroe wa ziwa Singidani, nyumba za tembe, na boma lenyewe.

Ila tushike mambo matatu. Kwanza, mchoraji apewe ujira wake kabla ya yote. Haifai kuheshimu jasho la babu kwa kumdhulumu mjukuu. Pili, kila picha itiwe namba, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Tatu, ukuta usiguswe bila idhini ya Idara ya Mambo ya Kale. Maana saruji ikipakwa ovyo hufungia unyevu ndani ya ukuta wa kale, ukaoza polepole.

Walimu, anzeni na watoto. Mtoto achoraye ukuta hana budi kuutazama pembe kwa pembe; naye aliyeutazama hivyo hatakubali kuuona ukianguka.